Jinsi ya kukokotoa umbali wa anga na muda wa safari kati ya viwanja viwili vya ndege

Ukiuliza kutoka uwanja huu hadi ule ni kilomita ngapi, jibu ni moja, na ukiwa na kikokotoo cha simu utalipata kwa dakika tano. Ukiuliza ndege itachukua muda gani, jibu linategemea umemuuliza nani. Rubani atakutajia muda wa kuwa angani. Tiketi itakupa muda wa kutoka geti hadi geti. Anayekungoja upande wa pili anahesabu tangu ulipofunga mlango wa nyumba yako. Makosa mengi hutokana na kuchanganya hizo tatu, au kusoma saa za tiketi bila kukumbuka kwamba kila moja imeandikwa kwa saa za mahali pake. Kwa hiyo tuanze na umbali, kisha tupandishe muda juu yake, tabaka kwa tabaka.

Kwanza, hakikisha ni viwanja vipi hasa

Usianze na jina la mji. Anza na alama ya uwanja. Karibu kila uwanja wa abiria una alama ya herufi tatu ya IATA (chama cha mashirika ya ndege duniani), ile inayoandikwa kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi, na alama ya herufi nne ya ICAO (shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga) inayotumiwa na marubani na waongoza ndege. Jomo Kenyatta wa Nairobi ni NBO kwa abiria na HKJK kwa rubani. Heathrow wa London ni LHR na EGLL.

Sababu ya kung'ang'ania alama ni kwamba mji mmoja unaweza kuwa na viwanja kadhaa. London ina LHR, LGW, STN, LTN na LCY, na ukiona LON kwenye tovuti ya kutafuta tiketi, hiyo ni alama ya mji mzima, si ya uwanja. Kati ya Heathrow na Gatwick ni kama kilomita 40 kwa mstari ulionyooka. Kwenye hesabu ya safari ya kilomita elfu saba hazionekani, lakini kwa abiria anayeshukia Heathrow na kuunganisha Gatwick ni safari nyingine nzima ya barabarani. Yapo pia majina pacha: San José ya Costa Rica ni SJO, San Jose ya California ni SJC. Sydney ya Australia ni SYD, na ipo Sydney nyingine Kanada, YQY. Ukikosea hapa, hesabu yote inayofuata itakuwa sahihi kwa safari isiyo yako.

Ukishapata alama, tafuta latitudo na longitudo ya uwanja. Namba zinazotangazwa ni za nukta ya marejeo ya uwanja, ambayo kwa kawaida huwekwa karibu na katikati ya njia za kurukia, si mlango wa jengo la abiria. Ziandike kwa desimali. Kama umezipata kwa nyuzi, dakika na sekunde, gawa dakika kwa 60 na sekunde kwa 3,600, kisha jumlisha: 51°28′12″ ni 51 + 0.4667 + 0.0033, yaani 51.4700. Kosa la kila siku ni kuziandika zilivyo, 51.2812, kana kwamba dakika ni sehemu za mia. Hilo peke yake linahamisha uwanja kwa kilomita 21.

Kisha alama za kujumlisha na kutoa. Kusini mwa ikweta ni hasi, magharibi mwa Greenwich ni hasi. Nairobi (NBO) ni −1.3192, 36.9278. Heathrow ni 51.4700, −0.4543. Ukisahau hasi ya latitudo ya Nairobi, umbali wa kwenda London unapungua kwa karibu kilomita 260, na jibu bado litaonekana la kawaida, jambo linalolifanya kosa hili kuwa la hatari kuliko mengine. Ukiweka hasi mahali pasipotakiwa, kwenye longitudo ya Nairobi, uwanja unahamia Bahari ya Atlantiki upande wa Brazil. Kabla ya kuendelea, bandika namba zako kwenye ramani ya simu na utazame: lazima uone njia ya kurukia, si maji wala msitu.

Desimali nne zinatosha kabisa, maana ya nne ni kama mita 11 ardhini.

Umbali wenyewe

Njia fupi kuliko zote kati ya nukta mbili juu ya tufe hufuata duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Kwenye ramani bapa ya ukutani njia hiyo huonekana imepinda, na watu hudhani ndege inazunguka bure. Ndege ya London kwenda Los Angeles hupita juu ya Greenland. Ukinyoosha uzi juu ya tufe la dunia kati ya miji hiyo, utauona uzi wenyewe ukipanda kaskazini bila kulazimishwa.

Uzi huo ni kipimo halali kama huna kikokotoo. Kwenye tufe la kipenyo cha sentimita 30, kila sentimita moja ya uzi ni takriban kilomita 425. Vuta uzi ukaze kabisa, weka alama kwa kucha penye miji miwili, kisha ulaze kwenye rula. Nairobi hadi London utapata kidogo zaidi ya sentimita 16.

Kwa hesabu kamili, tumia kanuni ya haversine, yaani kanuni ya kupata umbali wa duara kuu kutokana na latitudo na longitudo. Kwenye jedwali la kompyuta, weka latitudo ya uwanja wa kwanza kwenye B2 na longitudo yake C2, wa pili kwenye B3 na C3, kisha andika:

=2*6371*ASIN(SQRT(SIN(RADIANS(B3-B2)/2)^2+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*SIN(RADIANS(C3-C2)/2)^2))

Namba 6371 ni wastani wa nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. Kwa NBO na LHR, hatua ni hizi. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 52.7892, nusu yake 26.3946, sini yake ikizidishwa yenyewe inakuwa 0.1976. Tofauti ya longitudo ni 37.3821, nusu yake 18.6911, sini kwa yenyewe ni 0.1027. Hiyo ya pili izidishe kwa kosini za latitudo zote mbili (0.9997 na 0.6229), unapata 0.0640. Jumla ni 0.2616. Kipeuo chake cha pili ni 0.5115, na pembe yenye sini hiyo ni nyuzi 30.76. Mara mbili ni 61.52, sawa na radiani 1.0737 (radiani ni kipimo kingine cha pembe: zidisha nyuzi kwa π, gawa kwa 180). Zidisha kwa 6,371 na umbali ni kilomita 6,841.

Mahali panapoharibika ni pawili. Pa kwanza ni RADIANS: jedwali la kompyuta na lugha nyingi za programu hutaka pembe kwa radiani, na ukilisha nyuzi utapata namba ya ovyo ambayo mara nyingine huangukia ndani ya kiwango kinachoaminika. Pa pili ni ATAN2. Maandiko mengi huandika kanuni hii kwa ATAN2, lakini Excel hupokea thamani zake kwa mpangilio uliogeuzwa ukilinganisha na lugha nyingi za programu, x kwanza kisha y. Ukitumia ASIN kama hapo juu unalikwepa tatizo hilo.

Kwa safari fupi karibu na ikweta huhitaji haya yote. Pale, nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo zina urefu karibu sawa, kilomita 111.2. Nairobi na Entebbe (0.0424, 32.4435) zimepishana nyuzi 1.3616 kwa latitudo na 4.4843 kwa longitudo. Tumia Pythagoras: kipeuo cha pili cha jumla ya miraba yao ni 4.686, mara 111.2, jibu ni kilomita 521. Ukisogea mbali na ikweta, zidisha tofauti ya longitudo kwa kosini ya latitudo ya katikati kabla ya kutumia njia hii, na usiitumie kwa safari inayozidi kilomita elfu moja hivi.

Vikokotoo viwili vya mtandaoni vikikupa majibu yanayopishana kwa kilomita kumi na kitu, usishtuke. Dunia imebonyea kwenye ncha: nusu kipenyo chake penye ikweta ni kilomita 6,378.137 na penye ncha ni 6,356.752. Kanuni ya tufe inaweza kukosea hadi nusu asilimia. Vikokotoo makini hutumia umbo la WGS84, yaani kielelezo cha dunia iliyobonyea kinachotumiwa na GPS, na mbinu kama ya Vincenty ya mwaka 1975. Kwa kupanga safari, nusu asilimia ni dakika mbili tatu za kuruka, basi.

Angalia pia kipimo. Maili ya baharini ni mita 1,852 kamili, maili ya nchi kavu ni mita 1,609.344. Marubani hutumia ya baharini, na kasi yao ni noti, maana yake maili moja ya baharini kwa saa. Kilomita 6,841 ni maili za baharini 3,694 na maili za nchi kavu 4,251. Ukisoma "maili" bila maelezo, uliza ni ipi kwanza, maana zinapishana kwa asilimia 15.

Njia itakayorukwa ni ndefu kuliko hiyo

Ndege hairuki kwenye duara kuu tangu mwanzo hadi mwisho. Hupaa kuelekea upande wa upepo, hata kama safari inaelekea kwingine, hufuata njia ya kutoka iliyopangwa, huingia kwenye njia za anga, na mwishoni hupangwa foleni ya kutua. Kwa safari ndefu ongeza asilimia 3 hadi 6 juu ya duara kuu. Kwa safari fupi ongezeko ni kubwa zaidi kwa asilimia, kwa sababu kuzunguka ili kuingia kwenye njia ya kutua huchukua kilomita zilezile uwe umetoka karibu au mbali.

Kisha kuna anga zilizofungwa, na hapa hesabu ya mezani inaweza kuachwa mbali kabisa na ukweli. Helsinki hadi Tokyo Narita ni karibu kilomita 7,800, safari ya saa 9 na nusu hivi. Baada ya anga ya Urusi kufungwa kwa mashirika ya Ulaya mwanzoni mwa 2022, safari hiyohiyo ilifika saa 13, ndege ikipitia juu ya Ncha ya Kaskazini au ikizunguka kusini. Duara kuu la Nairobi hadi London nalo linapita juu ya Sudan Kusini, Sudan na Libya. Anga ya Sudan ilifungwa kwa vita vilivyoanza Aprili 2023, na anga ya Libya imekuwa ikikwepwa na mashirika mengi kwa miaka. Kabla ya kuamini namba yako, chora duara kuu kwenye ramani na utazame linapita nchi zipi. Likipita juu ya eneo la vita, ipime njia ya kuzunguka kwa vipande: uwanja hadi kona, kona hadi uwanja, kila kipande kwa kanuni ileile.

Kutoka kilomita hadi saa

Kwa ndege za jeti za abiria, kanuni tunayoipendekeza ni hii: gawa umbali wa duara kuu kwa 850, kisha ongeza nusu saa. Hiyo ni makadirio ya geti hadi geti. Nairobi–Entebbe: 521 gawa kwa 850 ni dakika 37, ongeza 30, unapata saa 1 na dakika 7. New York JFK–London Heathrow, kilomita 5,540: saa 7 na dakika 1. Nairobi–London: saa 8 na dakika 33. Vikokotoo vingi hutumia maili 500 kwa saa, yaani kilomita 805, pamoja na nusu saa ileile, ndiyo maana majibu yao huwa marefu kidogo.

Hiyo nusu saa isiachwe. Inalipia mwendo wa ardhini na ule mwendo wa taratibu wa kupanda na kushuka. Ndege ikiwa chini ya futi 10,000, katika anga nyingi hairuhusiwi kuzidi noti 250. Kufika futi 35,000 huchukua dakika 20 hadi 25, na kushuka huanza mapema kuliko abiria wengi wanavyodhani: marubani huhesabu maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000, kwa hiyo kutoka futi 35,000 huanza kushuka wakiwa na maili 105 mbele, karibu kilomita 195. Ukisikia masikio yanaziba, bado una nusu saa.

Na kwa nini 850, wakati skrini ya kiti chako inaonyesha 900 na zaidi? Kwa sababu 850 tayari imebeba zile asilimia za njia kuwa ndefu. Kasi ya kweli ya kusafiria hupangwa kwa Mach, yaani sehemu ya kasi ya sauti. Kwenye futi 35,000, baridi ya kawaida ikiwa nyuzi 54 chini ya sifuri, Mach 0.78 ya ndege kama A320 au 737 ni karibu kilomita 833 kwa saa, na Mach 0.85 ya 787 au A350 ni karibu 907.

Ukitaka makadirio ya karibu zaidi, jenga muda kwa tabaka. Tuichukue Nairobi–London tena. Duara kuu 6,841, ongeza asilimia 5, inakuwa 7,183. Kupanda: dakika 25, kilomita 250. Kushuka na kuingia kwenye njia ya kutua: dakika 27, kilomita 220. Zinabaki kilomita 6,713 za mwendo wa juu. Kwa 900 kwa saa ni saa 7 na dakika 28. Tukiweka upepo wa mbele wa kilomita 30 kwa saa, kasi juu ya ardhi inabaki 870 na muda unakuwa saa 7 na dakika 43. Jumlisha kupanda na kushuka: saa 8 na dakika 35 angani. Ongeza dakika 15 za kutoka geti hadi kupaa na 8 za kutoka kutua hadi geti, unafika saa 8 na dakika 58.

Ndege za mapangaboi ni hesabu nyingine. ATR 72 husafiri kwa takriban kilomita 510 kwa saa. Gawa umbali kwa 450 na uongeze dakika 25. Kwa Cessna Caravan, gawa kwa 280 na uongeze dakika 10. Tazama aina ya ndege kwenye tiketi kabla ya kuchagua kanuni, kwa sababu umbali wa kilomita 500 kwa jeti na kwa ATR hupishana kwa karibu nusu saa. Na kwa safari fupi mno kanuni zote hizi huvunjika: kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray kaskazini mwa Scotland, umbali ni kama kilomita 2.7 na ndege ya Loganair hupangiwa dakika mbili tu, wala haihitaji kupanda juu.

Upepo

Hakuna kitu kinachopotosha muda kuliko upepo wa juu. Katika latitudo za kati, kaskazini na kusini, kuna mikondo ya upepo wa kasi kwenye kimo kilekile cha ndege, kilomita 9 hadi 12, ikivuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Nguvu yake ni kubwa zaidi wakati wa baridi. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya 747 ya British Airways ilitoka JFK na kufika Heathrow kwa saa 4 na dakika 56, kasi yake juu ya ardhi ikipita kilomita 1,300 kwa saa. Haikuvunja kasi ya sauti. Hewa yenyewe iliyoibeba ndiyo iliyokuwa ikikimbia.

Kukadiria, ongeza upepo wa nyuma kwenye kasi ya ndege na utoe upepo wa mbele, ule mabaharia wauitao wa omo. JFK–Heathrow kwa kasi ya 900 na upepo wa 100 kutoka magharibi: kwenda mashariki ni 5,540 gawa kwa 1,000, saa 5 na dakika 32. Kurudi ni 5,540 gawa kwa 800, saa 6 na dakika 56. Tofauti ni dakika 83 kwa njia ileile.

Wengi hufikiri kwamba kwenda na kurudi upepo hufidiana. Haufidiani. Bila upepo, safari zote mbili ni saa 12 na dakika 19. Kwa upepo huo ni saa 12 na dakika 28. Ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoizuia kuliko ndani ya ule unaoisukuma, kwa hiyo hasara hushinda faida daima. Usichukue muda wa kwenda ukauzidisha kwa mbili.

Kwa safari za kaskazini–kusini zinazokaa karibu na ikweta upepo si tatizo kubwa. Kwa safari yoyote inayovuka Atlantiki ya Kaskazini au Pasifiki ya Kaskazini, weka mashariki na magharibi kama safari mbili tofauti.

Ratiba inasema nini

Muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoanza kuondoka getini na huisha inaposimama geti la upande wa pili. Ndani yake mna mwendo wa ardhini, ambao hutegemea uwanja. Amsterdam Schiphol ina njia ya kurukia iitwayo Polderbaan, mbali sana na majengo, na ndege ikitua huko inaweza kutembea ardhini robo saa kabla ya kufika getini. Mnamo na akiba pia: mashirika huongeza dakika kwenye ratiba kwa sababu safari huhesabiwa imewahi ikifika ndani ya dakika 15 za muda uliotangazwa. Ndiyo sababu ndege iliyochelewa kuondoka kwa dakika 20 huweza kufika kwa wakati. Rubani hakukanyaga mafuta. Akiba ndiyo iliyoliwa.

Akiba hiyo hupotea penye foleni. Heathrow ina maeneo manne ya kusubiria angani (Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin), na mzunguko mmoja wa kawaida wa kusubiri ni dakika 4. Mizunguko mitatu, dakika 12 zimekwenda.

Ukitaka muda wa kweli wa safari fulani, fungua tovuti ya kufuatilia ndege, tafuta namba ya safari, na uandike muda wa siku kumi zilizopita. Chukua ule wa katikati kama makadirio yako na ule mrefu kuliko wote kama kinga ya kuunganisha. Fanya hivyo kwa msimu uleule unaosafiri. Muda wa Julai haukusaidii kupanga safari ya Januari.

Ukiunganisha

"Ndege ya moja kwa moja" ni maneno ya kuhojiwa. Yanaweza kuwa na maana ya ndege isiyotua popote, na pia ndege yenye namba moja ya safari inayotua njiani kuchukua wengine. Uliza: inatua mahali? Kutua mara moja hula saa 1 na nusu kwa uchache, ukijumlisha kushuka, kukaa ardhini na kupanda tena.

Ukibadilisha ndege, kokotoa kila kipande peke yake, kila kimoja na nusu saa yake. Nairobi–Dubai ni kilomita 3,559, Dubai–London ni 5,497. Jumla ni 9,056, yaani kilomita 2,215 zaidi ya njia ya moja kwa moja. Kwa kanuni yetu: saa 4 na dakika 41, saa 6 na dakika 58, na ukisubiri saa 3 katikati, saa 14 na dakika 39. Njia isiyotua ilikuwa saa 8 na dakika 33. Bei nafuu ya kuunganisha ipime dhidi ya hizo saa sita.

Muda wa kuunganisha hesabu kutoka ndege ya kwanza kusimama getini hadi geti la pili kufungwa, si hadi ndege kuondoka. Geti hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla. Ukiwa na saa 1 na nusu kwenye tiketi, toa dakika 15 za kushuka kwenye ndege kubwa na 20 za geti. Zimebaki dakika 55 za ukaguzi na kutembea. Kama tiketi ni mbili tofauti, itakubidi kuchukua begi na kulisajili upya, na hapo chini ya saa 4 ni kujiweka rehani.

Saa za tiketi

Saa ya kuondoka huandikwa kwa saa za unakotoka na ya kufika kwa saa za unakofika. Usizitoe moja kwa moja. Zigeuze zote kuwa UTC kwanza, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima. Tuseme tiketi inasema kuondoka Nairobi 23:20, kufika London 05:15 kesho yake, mwezi Januari. Nairobi ni UTC+3, kwa hiyo kuondoka ni 20:20 UTC. London wakati wa baridi ni UTC yenyewe, kufika ni 05:15. Muda ni saa 8 na dakika 55. Aliyetoa kwa macho amepata saa 5 na dakika 55, na ameshangaa ndege gani hiyo.

Mwezi Julai London huwa UTC+1, na safari ileile ikiondoka saa ileile itaandikwa kufika 06:15. Haijawa ndefu. Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katika wiki zilizo katikati, tofauti ya London na New York si ile uliyoizoea. Kumbuka pia kwamba India ni UTC+5:30 na Nepal UTC+5:45, basi usikadirie kwa saa nzima. Ukivuka mstari wa tarehe kuelekea mashariki, kama Tokyo kwenda Los Angeles, unaweza kufika kwa saa na tarehe iliyo kabla ya uliyoondokea. Ongeza saa 24 kwenye hesabu ukipata jibu hasi.

Sasa jambo linalotuhusu sisi tunaohesabu saa tangu asubuhi. Tiketi hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Kupata saa ya Kiswahili toa 6, na jibu likifika 13 au zaidi toa 12 tena: 14:20 ni saa nane na dakika ishirini mchana, 23:20 ni saa tano na dakika ishirini usiku. Namba ya saa ikiwa ndogo kuliko 7, ongeza 6 badala ya kutoa: 05:15 ni saa kumi na moja na robo alfajiri. Hatari iko kati ya 00:00 na 03:59. Ndege ya Jumanne tarehe 12, 00:30, ni saa sita na nusu usiku. Ukimwambia mtu "Jumanne saa sita na nusu usiku", atakuja Jumanne baada ya chakula cha jioni, wakati ndege imeondoka karibu saa 24 zilizopita. Sema na uandike "usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne". Kama uwanja unataka abiria wafike saa 3 kabla, mtu wa ndege hiyo anatakiwa uwanjani Jumatatu tarehe 11 saa 21:30, saa tatu na nusu usiku, na gari la kumpeleka liagizwe kwa tarehe 11.